Ubeti Uliokatwa

Mpwa wangu anatengeneza albamu. Nusu ni nyimbo mpya alizotunga na wenzake, nusu ni nyimbo za taarab zilizokuwa zikipigwa Tanga kabla mama yake hajavunja ungo. Yeye ni mwimbaji wa Bongo Fleva, ana jina lake mjini, na hakuna aliyemlazimisha kwenda kufukua mambo ya zamani. Tangu habari zienee, nyumbani hapakaliki. Wazee wanasema mtoto anakula jasho la marehemu. Vijana wenzake wanasema ameishiwa. Kwa kuwa ujanani nilipiga gita, nimefanywa hakimu: kila anayekaa barazani kwangu anataka niamue kama kurudia wimbo wa mtu ni heshima au ni wizi.

Mimi naona wanagombania kitu kisicho chenyewe. Kurudia nyimbo ndiko kulikoulea muziki wa pwani hii. Linaloniuma ni jingine, nami nilianza kuliona nikiwa mtoto wa Ngamiani.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Jirani alikuwa na gramafoni na santuri zilizoletwa kwa basi kutoka Mombasa, na mwimbaji aliyetawala pale mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Juma Bhalo. Tulizijua nyimbo zake hadi mahali anapovuta pumzi. Jumapili moja tukaenda sinema kuangalia picha ya Kihindi. Katikati ya picha mwigizaji akafungua kinywa na ikatoka sauti tuliyoizoea kwa jirani, mapigo yaleyale, kupanda na kushuka kulekule, ila maneno hatuyaelewi. Rafiki yangu akasimama juu ya kiti akapaza sauti kwamba Wahindi wamemuibia Bhalo. Ukumbi mzima ukacheka. Yeye alirudi nyumbani analia.

Mama yangu ndiye aliyemtuliza. Akamwambia kwamba ni Bhalo aliyeichukua sauti kwa Wahindi, akaivisha maneno ya Kiswahili. Rafiki yangu akafuta machozi, akauliza, "Na huyo Mhindi aliyeitunga anaitwa nani?" Mama hakujua. Jirani mwenye santuri hakujua. Mtaa mzima haukuwa na mtu wa kulitaja jina hilo, wala haukuwa na aliyewahi kuliuliza kabla ya mtoto yule.

Watu wa pwani hawakuona aibu katika kuchukua sauti, na sababu yao ninaiheshimu mpaka leo. Kwetu wimbo ni shairi kwanza. Sauti inaweza kutoka Bombay au Cairo, lakini vina na mizani vitatoka hapa, na msikilizaji amekuja kusikia nani amesemwa na amejibiwa nini. Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikaa miaka mingi kwenye kilele cha taarab ya Mombasa kwa sababu maneno yalikuwa na uzito, na waliomsikiliza walikuwa watu wa kupima maneno.

Tanga yenyewe ilifanya vivyo hivyo kwa Unguja. Kule kulikuwa na Akhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na okestra zenye fidla, kanuni, udi na nai, watu wamekaa kwa safu na mavazi rasmi. Vijana wa Tanga waliichukua taarab hiyo wakaipunguza. Black Star Musical Club wakaweka gita la umeme, besi na bongo, wakafanya taarab ambayo mtu anaweza kusimama akaicheza. Baadaye likatoka kundi la pili, Lucky Star, na ushindani wa nyota hizo mbili ukaufanya mji wetu usikike mbali. Mbele ya Black Star aliimba Shakila Said, binti wa Pangani aliyezaliwa mwaka 1947. "Macho Yanacheka" na "Kifo cha Mahaba" ndizo nyimbo ambazo ukimtajia mtu wa makamo popote kati ya Lamu na Kilwa atakwambia alikuwa wapi alipozisikia. Santuri zao zilitoka Mombasa, kwenye lebo ya Mzuri ya duka la Assanand, na mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ikazikusanya nyimbo za makundi haya mawili na kuzitoa upya kwa jina la "Nyota". Mtu wa Ulaya akaweza kuisikia Tanga ya utoto wangu kwa usafi ambao redio yetu ya mbao haikuwahi kutupa.

Lakini nani alitunga maneno? Hapo ndipo panaponishika.

Mtaani kwetu alikuwepo fundi cherahani aliyekuwa akitunga nyimbo za taarab. Jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa watoto wake wametaka litoke kwanza kwenye albamu ya mpwa wangu, nami nimewaahidi. Alikuwa mtu mpole, mguu kwenye cherahani kuanzia asubuhi, midomo ikitembea bila sauti kwa sababu alikuwa akihesabu mizani. Watu wa klabu za taarab walikuja jioni kuchukua nguo na kuondoka na wimbo. Kwenye harusi nilikuwa nikimtazama yeye badala ya jukwaa. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaochoma, wanawake walikuwa wakiinuka na kanga zao, wakicheza taratibu hadi mbele, wakimtunza noti kichwani na kifuani. Fundi alikaa nyuma karibu na wapishi, analisikiliza neno lake likipita kwa watu. Sijawahi kuona mtu akienda nyuma kumtunza yeye.

Siku moja redio ikapiga wimbo wake ulioimbwa na kundi la mji mwingine. Hapo mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, santuri za Mombasa zimekuwa adimu, na redio ndiyo ilikuwa kila kitu. Mtangazaji akamtaja mwimbaji, akalitaja kundi, akaendelea na salamu za wasikilizaji. Mke wa fundi alikasirika akataka kwenda kwa katibu wa klabu usiku uleule. Mzee alisimamisha cherahani, akatuuliza sisi watoto tuliokuwa kibarazani, "Mmeusikia ubeti wa mwisho?" Hatukuusikia, kwa kuwa haukuimbwa. Wameimba beti tatu, wakarudi kwenye kiitikio, wakamaliza. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Ubeti wa nne ulikuwa unajibu ubeti wa kwanza, akatueleza. Bila huo, mwanamke wa kwenye wimbo anabaki analalamika tu, na yeye hakumtunga mwanamke wa kulalamika.

Nilikuwa na umri wa kuelewa maneno yake bila kukubaliana nayo yote. Alikuwa sahihi kuhusu ubeti. Mtu anayerudia wimbo anaweza kuubadilisha vyombo, kasi na hata sauti yenyewe, na wimbo ukaishi. Akikata jibu, amewaletea watu wimbo mwingine wenye jina la ule wa kwanza. Kuhusu jina lake, hata hivyo, mzee alijidhulumu. Aliamini kazi ikiwa nzuri mwenyewe atajulikana. Leo nenda Ngamiani uulize nani alitunga wimbo ule. Watakutajia mwimbaji.

Katikati ya miaka ya 1980 niliingia bendi ya hoteli, karibu na bandari, nikipiga gita la pili. Tanga ya wakati huo ilikuwa inashuka. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa tani zipatazo 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mkoani kwetu. Mishahara ya mashamba ndiyo iliyokuwa ikijaza kumbi za dansi mwisho wa mwezi, ikawalisha Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Nailoni ilipoushinda mkonge na mashamba yakadhoofika, wanamuziki wakafuata fedha Dar es Salaam, Arusha, na ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Ndugu wa Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz hapa hapa Tanga, wakaondoka, na huko Kenya wakawa Simba Wanyika. Sisi tuliobaki tukawa tunapiga kopi za nyimbo zao. Watoto wa mji wetu waliturudia kwenye kanda zilizorekodiwa Nairobi, na wateja waliziomba kwa sifa ya muziki wa Kenya.

Bendi ya hoteli ni bendi ya kopi. Mteja amelipa kiingilio ili asikie anachokijua: Marijani Rajab, Mbaraka Mwinshehe, Franco, Wanyika. Kiongozi wetu, mpiga saksofoni aliyekwisha kupita bendi nyingi, alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja hata mara moja. Wimbo wetu mpya ulipigwa pale tu uwanja umejaa, na uliwekwa kati ya kopi mbili. Kopi ya kwanza haikumaliziwa. Besi na ngoma ziliendelea, ufunguo uleule, nasi tukaingia kwenye utunzi wetu bila kusimama. Watu walijikuta wameshaucheza ubeti mzima kabla hawajagundua kwamba hawaujui. Wimbo dhaifu uliumbuka papo hapo, maana uwanja ulipungua na kila mtu jukwaani aliona. Wimbo mzuri uliwashika mpaka mwisho, na wiki iliyofuata kulikuwa na mtu anauomba.

Nimemweleza mpwa wangu habari hizi mara nyingi wakati tukipanga mfuatano wa albamu yake. Anayedhani nyimbo za zamani zinampa mwimbaji njia rahisi hajawahi kusimama jukwaani. Ukiimba wimbo wa Bi Shakila halafu ukafuatisha wa kwako, umemwita msikilizaji alinganishe. Nyimbo mbili kati ya zile mpya za binti huyu zimeanguka kwa kipimo hicho, na ameziondoa mwenyewe. Ule wa tatu, aliouandika na msichana mmoja wa Pongwe, unasimama. Naamini usingekuwa mzuri hivyo kama asingekesha miezi yote hiyo na nyimbo za zamani, akijifunza kwamba neno la nne kwenye mshororo lina kazi yake.

Hotelini pale nililiona pia lile swali la rafiki yangu wa sinema likirudi kwa mlango mwingine. Wageni wa kizungu na mabaharia waliagiza "Malaika" na "Jambo Bwana", na wengi walisema wanataka ule wimbo wa Boney M. Kundi hilo la Ulaya lilikuwa limerekodi "Malaika" mwaka 1981, na mwaka 1983 likatoa "Jambo" kutokana na wimbo wa Them Mushrooms wa Mombasa, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. "Malaika" nayo ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia kwa kinywa cha Miriam Makeba, huku nyumbani watu wakivutana: Fadhili William aliyeirekodi, Grant Charo, au Adam Salim wa Tanganyika? Ugomvi huo haujaisha. Wimbo ulio maarufu kuliko nyimbo zote za Kiswahili duniani, na sisi wenye Kiswahili hatuwezi kukubaliana nani aliutunga! Kila aliyeurudia aliubeba mbali zaidi, na kila hatua jina la mtunzi likazidi kudondoka njiani. Kiongozi wetu alikuwa akitaja kwenye kipaza sauti kabla ya kuanza: wimbo huu ni wa fulani, wa mji fulani. Wageni hawakusikiliza. Yeye alitaja kila usiku.

Bi Shakila nilimsikia tena ukubwani, alipokuwa na taarab ya JKT. Vinanda vilikuwa vimeingia, mapigo yamebadilika, na yeye anaziimba zilezile nyimbo zake za Tanga. Jirani yangu ukumbini alinung'unika kwamba mama anaziharibu. Mimi nilisikia mtu anayeujua wimbo wake kuliko sisi. Alikuwa ameshusha sauti, anachelewesha maneno, mahali ambapo msichana wa Black Star alipita haraka yeye alisimama. Alikuwa anajirudia mwenyewe, na hakuturudishia kitu kilekile. Tangu siku hiyo sikubali mtu akiniambia kwamba upo wimbo mmoja halisi uliogandishwa kwenye santuri, na nyingine zote ni nakala mbovu.

Alifariki Agosti 2016. Msibani na barazani watu walisema zama zimefungwa. Mwezi uliofuata Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa "Salome", iliyojengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli wa mwaka 2001, na nchi nzima ikacheza. Wengi walisema maneno makali kuhusu wimbo ule mpya, na mimi pia sikuyapenda baadhi ya mashairi yake. Hata hivyo watoto waliozaliwa baada ya 2001 wakaanza kumtafuta Saida, naye akarudi majukwaani akiwa hai, akasikia makofi kwa masikio yake. Jina lilitajwa, na mwenye jina akafaidika. Kijana wetu Mwana FA, ambaye baadaye watu wa Muheza walimpeleka bungeni, alikuwa amefanya jambo la aina hiyo alipowaita Kilimanjaro Band, bendi yenye mizizi Tanga, kuimba naye "Kama Zamani". Wazee walisimama naye kwenye wimbo na wakaonekana.

Na sasa kuna albamu ambayo mpwa wangu huisikiliza bila kuchoka, "Siti of Unguja" ya mwaka 2020, ambamo Siti Muharam anaziimba nyimbo za bibi mkubwa wa ukoo wake, Siti binti Saad, kwa uongozi wa muziki wa Mohamed Issa Matona. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Karibu miaka mia baadaye kitukuu anazirudia, udi na besi pamoja, na hakuna anayeuliza ni nani aliyezianzisha. Hilo linaonekana jepesi, lakini lilifanyiwa kazi, na aliyeifanya ni mtu wa Tanga. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alimhoji Siti akiwa hai na kuandika "Wasifu wa Siti binti Saad". Ndiyo maana hata wenzake aliopiga nao tunawajua: Mbaruk, Subeti, Budda, Maalim Shaaban. Bi Kidude aliyejifunza nyimbo hizo kwa kusikiliza alizipeleka duniani kote, na kila alipokwenda aliweza kusema zimetoka kwa nani. Mji uliomtoa mwandishi yule haukuwaandikia hivyo watunzi wa Black Star na Lucky Star. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wengi wao walikuwa majirani zetu na kalamu tulikuwa nazo.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponiuliza, "Mjomba, unaniruhusu niuimbe wimbo wa fundi?" nilimjibu kwamba ruhusa si yangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mzee alifariki miaka ya 1990. Haki iko kwa watoto wake. Tukaenda Makorora kwa binti yake mkubwa, na kaka yake akaja kutoka Mabokweni. Tulipokewa kwa chai na kwa machozi kidogo. Masharti yao yalikuwa mafupi: mgawo uandikwe kwenye karatasi, jina la baba liandikwe kwenye albamu kwa ukubwa uleule wa jina la mwimbaji, na ubeti wa nne uimbwe.

Shida ikaanzia kwenye ubeti wa nne. Kaka alileta daftari la baba yake, wino umefifia lakini unasomeka. Mishororo minne, mizani kumi na sita kila mmoja, vina vya kati na vya mwisho vimekaa. Mwanamke wa kwenye wimbo anaapa kwamba harudi. Dada akausikiliza mpaka mwisho, akasema huo sio. Yeye hakuwa na karatasi. Alikuwa na ubeti aliofundishwa na baba yake wakati wa maradhi, akauimba pale pale mkekani, na ndani yake mwanamke yule anasema mlango uko wazi ila hatatoka kumwita mtu. Mshororo mmoja umezidi mizani. Kaka akasema dada amesahau. Dada akasema baba alibadilisha.

Sikio langu linachagua daftari. Akili yangu inanikumbusha Bi Shakila na vile vinanda, na mzee aliyekuwa bado anahesabu mizani kitandani. Mpwa wangu hakuchagua. Ameimba beti zote mbili, ule wa daftari kisha ule wa mkekani, gita likishuka kidogo katikati ili ule wa pili upate nafasi ya mshororo wake mrefu. Wimbo umerefuka mno. Prodyuza amelalamika kwamba redio hazitaupiga, naye amemjibu kwamba harusi zitaupiga.